Tumbo Langu Halimjui Ng'ombe

Mume wangu Barisa hunywa maziwa kama maji:
gilasi nzima, kichwa nyuma, macho kayafumba,
kisha hupangusa masharubu kwa kiganja
na kusema, "Haya, dunia imekaa sawa."
Mimi nikionja vijiko viwili
tumbo hunguruma kama jenereta ya jirani,
na usiku kucha mimi na mlango wa choo ni mashoga.

Tumbo langu halimjui ng'ombe.
Linamjua changu, linamjua simsim,
linalijua tui zito lililopita kifumbuni
mikononi mwa nyanya Mwanatumu, hapa hapa Kibokoni.

Kwao Barisa, kule Mto Tana,
watu waliziandama kwato hata kwato zikawaandama.
Mwanzoni, naamini, maziwa yaliwasokota wote.
Ila mmoja, mwaka wa njaa,
alikunywa, akalala, akaamka akacheza.
Hakuna aliyemwandikia cheti.
Alikua, akazaa, wanawe wakazaa,
na wenye matumbo kama langu
wakabaki njiani, mmoja hapa, mwingine kule,
chini ya vichuguu vya mawe visivyo majina.
Nikimwambia, "Si nyinyi mliomfuga;
yeye ndiye aliyewachambua kama mchele,"
Barisa hucheka, huomba gilasi ya pili.

Leo tulikuwa foleni, zahanati ya Tudor.
Nesi Kadzo akafunua kadi ya Halako:
"Miezi kumi na minane. Surua, ya pili."
Akagonga sindano kwa ukucha, na huku,
kwa sauti ya mtu anayekuletea umbeya wa mtaa:
"Wajua ugonjwa huu tuliutoa wapi?
Wasomi wasema kwa ng'ombe. Zamani sana.
Tulilala nao zizi moja, tukapumuliana."

Barisa akakunja uso kana kwamba katukaniwa mama.
"Ng'ombe hana makosa," akasema.
"Ukilala na mtu, utaota ndoto zake."
"Na utapata mafua yake," akajibu Kadzo,
na sindano ikazama, na Halako akalia
hata paka wa zahanati akahama benchi.

Mimi sikucheka.
Nilimkumbuka Mwanatumu, 
watoto wawili katika juma moja,
Fumo siku ya Jumatatu, Mwanamvua Alhamisi,
vipele, macho mekundu, shuka moja ikifuliwa mara mbili.
Nyumba yake haikupata kufuga ila kuku watatu na paka.
Maziwa hakuyagusa hadi kufa.
Lakini deni lilipokuja, halikuuliza nani alikunywa;
lilipiga hodi mlango wa karibu.

Jioni Barisa akachemsha maziwa, akayapoza,
akayatia katika kikombe chekundu cha plastiki.
Tukakaa kama wazazi wanaongoja matokeo ya mtihani.
Kadzo alikwisha kutuonya: "Sasa hivi wote hunywa.
Subirini afike miaka saba, minane,
ndipo tumbo litakaposema ni la nani."
Tusingoje, tukangoja.

Akanywa. Pamba mkononi, povu mdomoni.
Nikaweka sikio juu ya kitovu chake.
Palikuwa na joto, na sauti ndogo ya kutembea,
kitu kilichokuwa kikienda bila haraka,
na sikujua kinaelekea kwetu au kwao.

"Ena," akasema, yaani tena,
kikombe kaninyoshea mimi, si babake.
Nikammiminia.
Tone moja likaniangukia kidoleni.
Barisa alikuwa amegeuka, anasukutua sufuria.
Nikalilamba.